Kabla Hujaivaa Filimbi

Mwanangu,

Nimesikia umepata nafasi chuoni kusomea ukocha na sayansi ya michezo. Nimesikia pia maneno ya barazani, kwamba mtoto amekosa udaktari, amekosa uhandisi, sasa anakwenda kusomea kupuliza filimbi. Wasikusumbue. Lakini usiwapuuze pia, kwa sababu ndani ya kejeli yao mna swali la haki, na ukilikwepa leo litakungoja siku ya mahafali: kama ukocha unataka digrii, mbona makocha kadhaa wakubwa hawakuwa nayo?

Ni kweli hawakuwa nayo. Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St. Patrick's kule Iten mwaka 1976 akiwa mwalimu wa jiografia. Riadha hakuwa ameisomea. Mikononi mwake wamepita mabingwa wa dunia na wa Olimpiki, akiwemo David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012 na kuweka rekodi ya dunia. Kabla yake, huko Auckland, New Zealand, alikuwepo Arthur Lydiard, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mwaka 1960 kwenye Olimpiki ya Roma, vijana wake wawili, Peter Snell wa mita 800 na Murray Halberg wa mita 5,000, walichukua dhahabu siku moja. Sasa wewe unataka kukaa darasani miaka mitatu au minne ili iweje?

Jibu nililiona katika maisha ya huyo Snell, na ndilo ninalotaka ulibebe.

Lydiard alikuwa akiwapa wakimbiaji wake kilomita 160 hivi kwa wiki, za barabarani na za vilimani, hata yule wa mita 800 ambaye mbio zake hazifiki dakika mbili. Watu walimcheka. Mtu wa mbio fupi kiasi hicho ana haja gani na safari ya saa mbili na zaidi? Lydiard mwenyewe alijua tu kwamba inafanya kazi, maana alikuwa ameijaribu mwilini mwake kwa miaka. Snell alitii, akashinda, akaongeza dhahabu mbili Tokyo mwaka 1964, za mita 800 na 1,500. Kisha, alipokwisha kustaafu na wenzake wakiishi kwa kusimulia ushindi wao, yeye akahamia Marekani, akaanza shahada ya kwanza akiwa na zaidi ya miaka thelathini, akaendelea hadi udaktari wa fiziolojia ya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Washington State, na maisha yake yaliyobaki akayatumia kama mtafiti mjini Dallas. Alikwenda kutafuta sababu ya kile alichofanyishwa na kocha wake.

Na alipata maelezo. Misuli ina nyuzi za aina mbalimbali. Ziko za mwendo wa polepole zisizochoka upesi, na ziko za kasi zinazochoka haraka. Katika safari ndefu, zile za polepole hutangulia kufanya kazi. Akiba yake ya sukari, ambayo utaisoma kwa jina la glaikojeni, ikikaribia kwisha, mwili huziamsha zile za kasi zije kusaidia. Kwa hiyo mkimbiaji wa mita 800 aliyeko kilomita ya thelathini anazizoeza nyuzi zake za kasi kustahimili, ingawa kwa macho anaonekana anatembeza miguu tu.

Tofauti ya mwenye sababu na mwenye desturi huonekana siku mambo yanapobadilika. Anayejua kilomita 160 bila kujua zinafanya nini mwilini atampa mtu mzima kilomita 160, atampa binti wa kidato cha pili kilomita 160, na binti akivunjika mfupa wa muundi atasema hana moyo wa kimichezo. Anayejua sababu ataweza kupunguza, kuongeza au kuacha kabisa. Basi huendi chuo kujifunza mazoezi. Mazoezi tunayo, tena mengi kuliko tunavyohitaji. Shule zetu zote zinajua mchakamchaka. Unakwenda kujifunza kwa nini.

Nikupe mfano wa nyumbani. Kila Mtanzania anamjua John Stephen Akhwari wa Mbulu na marathoni ya Mexico City mwaka 1968: alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani akichechemea, mshindi akiwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Tunamsimulia kwa ujasiri wake na ni haki yake. Lakini wewe msome pia kwa macho ya fani yako. Kabla hajaanguka, misuli ilikuwa imeshaanza kumkaza. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu, damu inapeleka pungufu, na mwendo unaouweza ukiwa pwani unakuwa deni huko juu. Michezo ileile Kipchoge Keino, mtoto wa nyanda za juu za Nandi, alimwacha mbali Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500, na Naftali Temu akachukua dhahabu ya mita 10,000. Mwili ukikaa juu kwa wiki kadhaa hutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi ili kufidia. Leo jambo hilo limo katika vitabu vya mwaka wa kwanza, na Iten imejaa wageni waliopanda ndege kufuata huo mwinuko wa mita 2,400 hivi. Swali la mwanafunzi wa sayansi ya michezo juu ya Akhwari ni hili: nani alipaswa kumwandaa kwa hewa ile, na kwa wiki ngapi? Wanaolirudia jina lake majukwaani hawaliulizi kamwe.

Nyongeza ya siku hizi ni Alphonce Simbu, aliyetuletea dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwezi Septemba 2025, kwenye joto na unyevu, akimpiku Mjerumani kwa tofauti ambayo ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Muda wao ulisomeka uleule, saa 2:09:48. Mbio zikiamuliwa hivyo, kila kilichofanyika miezi iliyotangulia kina uzito: usingizi, maji, wali wa jana usiku.

Tukizungumzia joto, hapa ndipo nina ugomvi wa zamani na makocha wenzangu. Nimekulia katika viwanja ambavyo kunywa maji wakati wa mazoezi kulihesabiwa udhaifu, na timu ikifungwa Jumapili, Jumatatu inakimbizwa ufukweni saa saba mchana kama adhabu. Wewe utakayesoma fiziolojia huna ruhusa ya kuendeleza hayo. Jasho halipoozi mwili kwa kutoka. Linapooza kwa kukauka. Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Februari hewa imeshiba maji, jasho linadondoka chini bila kukauka, na joto linabaki ndani. Mchezaji anaanza kuyumba, anajibu maneno yasiyoeleweka, na kocha anamkemea kwa uvivu wakati mtu yuko hatarini kufa. Ukiona hivyo ni kivulini, nguo zipungue, maji ya baridi mwili mzima, na hospitali.

Huhitaji maabara kwa hili. Chukua mizani. Mpime kila mchezaji kabla ya mazoezi na baada yake, akiwa na nguo chache na amejikausha jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji iliyotoka. Fanya hivyo siku kadhaa, utashangaa: katika timu moja, beki amepoteza nusu kilo na kiungo aliyecheza pembeni yake amepoteza mbili. Kuwapa wote chupa moja moja ni kumpa mmoja zaidi na kumnyima mwingine. Wala usije ukageukia upande wa pili ukawalazimisha watu kunywa mpaka matumbo yajae. Maji yakizidi mno huzimua chumvi ya damu, na wapo wakimbiaji wa marathoni waliokufa kwa hilo. Mwezi wa Ramadhani kaa na wachezaji wako wanaofunga mpange saa pamoja. Wako watakaotaka mazoezi mepesi karibu na futari, wako watakaotaka baada ya tarawehe. Usiwaamulie kutoka ofisini.

Chuoni utakuta anatomia, fiziolojia, biomekanika, saikolojia ya michezo, mbinu za ufundishaji, na takwimu. Hiyo ya mwisho ndiyo wanamichezo huikimbia. Walikuja kwa mpira, wamekutana na wastani na mchepuko. Mwanangu, usiikimbie. Siku hizi timu zinaletewa mashine na vifaa vya kuvaa kifuani vyenye namba nyingi, na muuzaji anategemea kwamba hakuna atakayeuliza namba hiyo imepatikanaje.

Ngoja nikuoneshe hesabu moja ya bei ya kalamu. Imetokana na kazi za wataalamu wawili, Gunnar Borg wa Sweden na baadaye Carl Foster wa Marekani. Mazoezi yakiisha, subiri kama nusu saa. Muulize kila mchezaji peke yake: toka sifuri hadi kumi, mazoezi ya leo yalikuwa mazito kiasi gani kwako? Zidisha jibu kwa dakika. Mazoezi ya dakika 90 kwa anayesema 3 ni 270. Kwa anayesema 7 ni 630. Wamefanya kitu kilekile, kimewaingia tofauti. Huyo wa 7 ukimdadisi kidogo utaambiwa analala kwa saa nne tu kwa sababu usiku anaendesha bodaboda. Nimesisitiza peke yake kwa makusudi. Ukiwauliza kwa pamoja, nahodha atasema 4 kwa sauti nene, na timu nzima itakuwa 4. Andika kila siku, jumlisha kila wiki. Namba ya wiki ya mtu ikiruka ghafla, usishangae wiki mbili baadaye nyama za paja zikichanika.

Daftari hilo litakuletea maneno. Kuna mzee wa klabu atakayesema unaleta mambo ya kizungu. Muoneshe tu ukurasa wa mchezaji ambaye yeye mwenyewe anamlalamikia.

Sasa watoto. Wengi wenu mnaota benchi la ufundi la timu kubwa, lakini kazi mtakayoikuta ni watoto wa shule, na huko ndiko madhara ya kutojua huanzia. Utaletewa mvulana wa miaka 13 anayelalamika goti. Bonyeza chini kidogo ya kifuniko cha goti, pale panapotokeza kifundo juu ya muundi. Akiruka kwa maumivu na pamevimba, huenda mfupa wake unakua haraka kuliko kano inavyoweza kufuata, na kila teke linavuta mahali hapo ambapo bado ni laini. Utalisoma kwa majina ya madaktari Osgood na Schlatter. Kwa kawaida hupona anapomaliza kukua, akipunguziwa kuruka na kukimbia. Uwanjani kwetu huyo huitwa mdekaji, husuguliwa dawa ya maji moto na kurudishwa mchezoni.

Na mtoto huyo mara nyingi anacheza dhidi ya kijeba, yaani mtu mzima aliyejipunguzia umri. Hili nalisema bila kupepesa macho: atakuja mtu, pengine kiongozi, pengine mwenye heshima zake, akuombe ukae kimya juu ya cheti cha kuzaliwa cha kijana mwenye ndevu. Atakwambia mashindano yote yako hivyo. FIFA ilianza kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, kwa kuwa sehemu ya kukua ya mfupa ule ikishafunga kabisa, ni nadra sana mwenyewe kuwa chini ya umri huo. Lakini UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, haina MRI. Ina wewe. Ukinyamaza, aliyekosa nafasi ni yule mdogo halali ambaye hatacheza tena, na hata hutamjua jina.

Wasichana nawawekea nafasi yao, kwa kuwa vizazi vyetu tuliwafundisha kama wavulana wafupi. Mkimbiaji wa kike akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, baadhi ya makocha bado hufurahi wakidhani ndiyo alama ya utimamu. Ni kinyume. Mara nyingi mwili umeona chakula hakitoshi kwa kazi anayopewa, ukaanza kufunga shughuli moja moja. Baadaye mifupa inapungua nguvu na kuvunjika kwa nyufa ndogondogo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea taarifa rasmi mwaka 2014. Ukiwa kocha wa kiume, huenda si wewe wa kumuuliza. Hakikisha yupo mwanamke kwenye benchi, matroni au mwalimu, ambaye binti anaweza kumwambia, na wewe ubaki na kazi ya kubadili ratiba. Usimpime binti uzito mbele ya wenzake. Usimfundishe mtoto yeyote ukiwa naye peke yenu katika chumba kilichofungwa. Fanya hivyo kuwa kanuni kwa ajili yake na kwa ajili yako. Magoti ya wasichana pia yana hatari zaidi ya kukatika kano ya ndani. Kuna programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+, dakika 20 hivi, haina gharama, na tafiti zimeonesha inapunguza majeraha ikifanywa mara kwa mara. Wengi huifanya wiki ya kwanza, kisha wanarudi kuzunguka uwanja.

Na moyo pia usiusahau. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon bila kuguswa na mtu. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa ambao haukuwa umegunduliwa, na hakuamka. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka vilevile mjini Copenhagen. Wakamkandamiza kifua mara moja, wakatumia mashine ya kushtua moyo, na amerudi kucheza. Kwetu mashine hizo ni chache, lakini mikono ipo. Mtu akianguka bila kuguswa, haitiki na hapumui kawaida, usimmwagie maji, usimkunjue miguu. Kandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usisimame mpaka msaada ufike. Jifunze hilo muhula wa kwanza hata kama ratiba ya chuo imeliweka mwaka wa tatu. Kisha mfundishe na mtunza uwanja.

Ujue pia mipaka yako. Digrii hii haikufanyi daktari wala mtaalamu wa fiziotherapia. Wale wana leseni zao. Ukimdunga mchezaji sindano, au ukampa kidonge usichokijua ili acheze fainali, umehatarisha mwili wake na jina lake, maana kwenye dawa zilizokatazwa mwanamichezo hubeba lawama hata kama alipewa bila kujua. Waulize Wakenya, walioanzisha wakala wao wa kupambana nazo, ADAK, mwaka 2016 baada ya fedheha nyingi.

Kuhusu ajira sitakudanganya. Shahada peke yake haikupi benchi. Kwenye mpira watakuuliza leseni za CAF, kuanzia D, kisha C, B, A, hadi Pro, na hizo zina kozi zake nje ya chuo. Anza D ungali mwanafunzi, usingoje kuhitimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Kenyatta vina idara za fani hii, na usimdharau aliyepita chuo cha Malya kule Kwimba kwa stashahada, kwa sababu mara nyingi amekaa na timu muda mrefu kuliko wahadhiri wako. Nafasi nyingi za kweli ziko shuleni na kwenye timu za majeshi. Kenya wameifanya sanaa na sayansi ya michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na walimu wa kuufundisha hawajatosha. Klabu zitakuita kwa simu usiku zikikuahidi mambo. Omba mkataba wa maandishi, uwe na tarehe ya mshahara. Nimeona vijana wazuri wakilipwa kwa pongezi msimu mzima.

Chuo hakifunguliwi mpaka Oktoba. Muda huu usiumalize kwa kutazama ligi ya Uingereza. Nenda shule ya msingi iliyo karibu, mwombe mwalimu anayeandaa timu ya UMITASHUMTA akuruhusu kumshikia saa na daftari. Usimfundishe kitu, hata ukiona anakosea, ila kama mtoto yuko hatarini. Andika anachofanya, na pembeni andika unachodhani ndiyo sababu yake. Na umuulize mama yako kama unaweza kuichukua ile mizani ya bafuni.